Mnunuzi Naye Anavua

Dada mmoja anayeuza samaki hapa Yamumbi, Eldoret, ameniletea swali, nami nimeona nisilijibu faraghani kwa kuwa linatugusa wengi. Anasema samaki anaoletewa kutoka ziwani wanazidi kuwa wadogo. Ngege wa siku hizi unamfunika kwa kiganja. Wateja hawalalamiki, maana bei ya samaki mdogo inalingana na mfuko, na mama mwenye watoto watano anaweza kumpa kila mtoto samaki wake mzima juu ya ugali. Jumapili moja alisikia mahubiri ya kuwakemea wavuvi wanaomaliza samaki, akarudi nyumbani na mzigo moyoni. Akaniuliza: "Mimi sijawahi kupanda mtumbwi. Wavu sina. Nanunua kinacholetwa, nauza kinachotakiwa. Je, nami nina kosa?"

Dada yangu, nakujibu bila kuzunguka. Ndiyo, una sehemu. Haiwi kubwa kama ya mwenye wavu, wala kama ya tajiri aliyemkopesha wavu huo, lakini ipo. Mimi ninayekula nina yangu pia. Sikwambii haya nikutwike aibu. Nakwambia kwa sababu aliye na sehemu katika kuharibu ana sehemu pia katika kutengeneza, na hilo ni jambo la kumpa mtu nguvu.

Sisi tunaishi mbali na maji makubwa. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko bondeni huko magharibi, na Bahari ya Hindi iko mbali zaidi, mwendo wa usiku mzima kwa basi. Umbali huu unatudanganya. Asiyeona mtumbwi hudhani uvuvi ni shauri la watu wa Kilifi na Kwale, au la watu wa Homa Bay, Siaya na Busia. Lakini hebu ifuate safari ya samaki mmoja tangu mwanzo. Mvuvi anaingia dukani kununua wavu. Upo wenye macho mapana na upo wenye macho finyu. Anajua wenye macho finyu umekatazwa. Anajua vilevile kwamba akirudi na samaki wa kiganja atamkuta mchuuzi ufuoni wa kuwanunua, kwa kuwa yuko dada sokoni atakayewachukua, na huyo dada anawachukua kwa kuwa yuko mama Yamumbi atakayeinama mezani na kuuliza, "Huna wadogo wadogo?" Swali la mama huyo linateremka kutoka jikoni kwetu hadi kwenye duka la nyavu, na huko ndiko linakochagua ukubwa wa macho. Ndiyo maana nasema mnunuzi naye anavua.

Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa sababu udogo peke yake si kosa. Omena ni mdogo kwa maumbile. Yule unayempima kwa gorogoro, mwenye urefu wa kidole, huwa ameshakua na pengine ameshazaa. Maisha yake ni mafupi na huzaliana haraka, na ndiyo sababu ziwa limeweza kutulisha omena miaka yote hii. Maskini anayekula omena hana sababu ya kuona haya. Kinachotakiwa kwake ni kuheshimu muda wa mapumziko, nami nitaurudia hapa chini, na kukataa omena aliyechanganyika na vitoto vya samaki wengine. Wavu wa omena una macho madogo sana. Ukikokotwa karibu na ufuo hubeba pia vitoto vya mbuta na ngege. Ukiona kwenye fungu lako visamaki vya umbo jingine, ujue wavu huo umepita kitaluni.

Ngege ana habari nyingine. Dume huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike akishataga huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo. Hata vitoto vikianguliwa huendelea kuvihifadhi kinywani mpaka viweze kujitegemea. Mama huyu hukaa siku nyingi bila kula vizuri kwa ajili ya wanawe. Sasa liweke mahali hapo juya la kukokota, lile ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita kokoro. Linapovutwa kutoka majini kuja nchi kavu linafagia viota, mama na vitoto kwa pamoja. Ngege wa kiganja aliye mezani kwako, dada, pengine hajawahi kuzaa hata mara moja. Ametolewa majini kabla ya kurudisha chochote.

Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, anatufundisha jambo la tatu. Jike wake huchelewa kuzaa, lakini akiwa mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo nchi tatu za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikubaliana kwamba mbuta wa kuingia kiwandani awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya hapo ni mtoto, aachwe akue. Aliye juu ya hapo ni mama, aachwe azae. Wengi wetu tunaielewa nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuisahau ya pili. Tunamwonea huruma mdogo, kisha tunampiga picha na kumshangilia aliyebeba mbuta wa urefu wa mtu, bila kufikiri kwamba ziwa limepoteza mama wa vizazi.

Kanuni ya kumwacha mama si ya wanasayansi peke yao. Katika Kumbukumbu la Torati, Sheria ya Musa inamruhusu aliyekuta kiota cha ndege achukue makinda, ila inamwamuru amwachie mama aende zake. Waislamu nao wamefundishwa kwamba israfu ya maji haifai hata kwa anayetawadha kandoni mwa mto unaotiririka. Mafundisho yote mawili yanaangalia mahali palepale. Wingi wa kitu haumpi mtu ruhusa ya kukifuja, na riziki ina mlango ambao mlaji haruhusiwi kuubomoa. Na hapa kwetu Uasin Gishu hili halihitaji mhubiri, kwa sababu hakuna mfugaji mwenye akili anayempeleka mtamba mwenye mimba machinjioni eti wageni wamefika. Atakopa, ataomba kwa jirani, atachinja kuku, lakini mtamba huyo atabaki zizini. Tunachokijua kuhusu zizi letu ndicho tunachokataa kukijua kuhusu maji ya watu wote, kwa kuwa mtamba ana mwenyewe na samaki hana.

Hapo ndipo penye mtihani wa tabia. Mali ya mtu mmoja hulindwa na mwenyewe. Mali ya wote hulindwa na adabu ya kila mmoja, na adabu ikipungua, mwenye kiasi hujiona mjinga. Mvuvi mwema anajisemea, "Nikimwacha huyu mdogo, mwenzangu wa mtumbwi wa pili atamvua kabla ya adhuhuri." Muuzaji mwema anajisemea, "Nikiwakataa hawa, meza ya jirani itawauza." Wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo, maneno hayo yakisemwa na kila mtu, ziwa linabaki bila mtetezi. Mtaka yote hukosa yote, na hili tumeshaliona mbali na kwetu. Kanada ni nchi tajiri, yenye wasomi, meli na sheria. Kwa miaka mia kadhaa chewa wa baridi walivuliwa kwenye maji ya Newfoundland na watu wakaamini hawatakwisha. Julai 1992 serikali ililazimika kuufunga uvuvi huo, na zaidi ya watu 30,000 wakakosa kazi. Ulifunguliwa tena mwaka 2024, tena kwa kiasi kidogo, baada ya miaka 32. Mvulana aliyekuwa shule ya msingi siku ulipofungwa alikuwa mtu wa makamo ulipofunguliwa. Kama wao walishindwa kurudisha haraka walichokimaliza, sisi tuna jeuri gani? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linasema zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki wa baharini zinazochunguzwa duniani zinavuliwa kupita uwezo wake wa kujirudisha.

Lakini yapo pia mazuri yaliyofanywa na watu wetu wenyewe, nami napenda tuyajue zaidi kuliko tunavyoyajua ya Kanada. Wazee wa pwani walivua kwa mshipi, kwa dema lililosukwa kwa fito, na kwa uzio uliosimikwa mahali maji yanapokupwa. Kusi lilipoanza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, bahari ilichafuka, ngalawa hazikuthubutu kwenda mbali nje ya mwamba, na samaki wakapata kupumzika bila amri ya mtu. Tusiwasifu kupita kiasi, kwa sababu utupa wa kuwalevya samaki ni wa zamani pia. Ila watu walikuwa wachache na vyombo vilikuwa dhaifu. Zikaja mashine, zikaja nyavu za nailoni, ikaja bunduki ya kupigia samaki, na juya likaburutwa juu ya nyasi za bahari na matumbawe ambamo watoto wa changu na tasi hujificha. Kenya ililipiga marufuku juya hilo la kukokota pamoja na bunduki mwaka 2001. Kule Tanzania baadhi ya wavuvi walishika baruti: chupa moja inarushwa, maji yanalipuka, mkubwa na mdogo wanaelea, na mwamba uliojengwa kwa miaka mingi unabaki kifusi. Sheria ya nchi hiyo iliukataza uvuvi huo tangu 1970, lakini uliendelea kwa miongo mingi, hadi serikali ilipokaza kamba kuanzia 2016 hivi, ndipo milipuko ikapungua sana.

Sasa tazama walichofanya watu wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2003 wazee wa huko, walipoona mishipi inarudi mitupu, waliunda chama chao. Mwaka 2005 wakaitenga sehemu ya bahari yao, takriban hekta 30, wakakubaliana asivue mtu humo. Haikuwa rahisi. Kuna waliosema wazee wamechanganyikiwa, kwamba mwenye njaa haambiwi afunge jiko. Wazee walivumilia maneno hayo. Samaki wakarudi, wakaongezeka, na walipojaa ndani wakaanza kuvuka mpaka na kutoka nje, ambako wavuvi waliwavua kwa halali. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipewa Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kabla yao, mwaka 1968, serikali ilikuwa imetenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, lakini hizo zilitoka juu. Kuruwitu ilitoka kwa wenye njaa wenyewe, na ndiyo maana naitaja katika safu hii ya nasaha. Kujinyima kwa hiari kuna thamani kuliko kunyimwa.

Kisiwa Panza, huko Pemba, jamii imejifunza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza akue. Pweza maisha yake ni mafupi na hukua kwa kasi. Ukimsubiri miezi miwili mitatu anaongezeka uzito mara kadhaa. Jambo hili lilijaribiwa kwanza Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na likasambaa katika bahari yetu hii kwa sababu faida yake inaonekana kwa macho siku mwamba unapofunguliwa. Wanaonufaika ni pamoja na akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka, ambao hawana mashua wala mtaji. Nao watafiti waliofuatilia miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameonyesha kwamba mahali juya lilipoondolewa, kipato cha mvuvi wa kawaida hakikuporomoka kama ilivyoogopwa. Kilipanda.

Ndugu msomaji, unaweza kusema, basi serikali iwashike wote wenye nyavu haramu tumalize. Serikali zimejaribu. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017. Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018. Nyavu zilichomwa kwa marundo na mitumbwi ikateketezwa. Samaki wakubwa walianza kuonekana tena katika baadhi ya maji, hilo tusilifiche. Tusifiche pia kilio cha waliopigwa na waliochomewa chombo cha pekee walichokuwa nacho, huku aliyewauzia nyavu na aliyewanunulia samaki wakilala usingizi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mvuvi ambaye wengi wanamlaani amefungwa na deni. Wavu si wake, mashine si yake, na mafuta ya leo amekopeshwa na tajiri anayengoja ufuoni na mizani. Asipoleta kitu, deni linaongezeka. Sheria inayomkamata huyo na kuwaacha wengine inavua kwa wavu wa macho madogo: inanasa wadogo peke yao.

Tukumbuke pia kwamba ulafi mkubwa wa ziwa letu haukuanzia Yamumbi. Mbuta aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu wa aina nyingi ambao hawaonekani tena, na alipojaa, viwanda vikafunguliwa kando ya ziwa kumkata minofu ya kupelekwa Ulaya. Mwananchi akabakiwa na mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa, akaukaanga na kushukuru. Ninalisema hili ili mama maskini asidhani ninamlaumu yeye kwa dhambi za dunia nzima. Kila mtu ataulizwa kwa kadiri ya nguvu yake. Ila kadiri ndogo haina maana ya kutoulizwa.

Kuna uovu mwingine unaozaliwa na upungufu, ambao wahubiri wengi huuogopa. Samaki wanapokuwa tele, mchuuzi mwanamke huchagua mtumbwi wa kununulia. Wanapokuwa adimu, mwenye samaki ndiye anayechagua mwanamke. Jaboya, yaani desturi hiyo ya kununua samaki kwa mwili, imewavunjia heshima akina mama wengi kwenye fuo za ziwa, na imeleta maradhi katika nyumba. Wanawake wa ufuo wa Nduru, Nyakach, waliikataa. Kuanzia mwaka 2011 hivi walijikusanya katika kikundi, wakajipatia mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie, ili samaki wasinunuliwe kwa mwili. Mwaka 2020 mafuriko yaliwaharibia makazi na kazi, lakini mfano wao umebaki. Nataka tulielewe fungamano hili vizuri: anayemaliza samaki hawamalizi samaki tu. Anaongeza nguvu za mwenye nacho juu ya asiye nacho, na anayetangulia kuumia ni mwanamke aliyekuja na beseni na nauli ya kurudi tu.

Baada ya maneno hayo, nasaha zangu ni hizi.

Wewe muuzaji, anza na mchuuzi wako. Mwambie waziwazi kwamba ngege wa kiganja humchukui. Siku ya kwanza atacheka. Wauzaji watano wa soko moja wakimwambia hivyo wiki moja, hatacheka. Kwa hiyo usiende peke yako. Lipeleke jambo hili kwenye chama chenu, mkubaliane kipimo, kila meza iwe na kijiti kilichokatwa kwa urefu mmoja. Mteja wa mfuko mdogo usimfukuze. Mkatie samaki mkubwa vipande, mwuzie kichwa, mwuzie mkia, mpimie omena safi. Mtoto hashibi kwa kuwa samaki wake alikuwa mzima. Anashiba kwa nyama iliyo kwenye sahani. Na hifadhi vizuri ulichonacho. Samaki aliyeoza kwako amevuliwa bure, na mwingine atavuliwa kuziba pengo lake. Omena aliyeanikwa chini wakati wa mvua huharibika upesi, basi mpende mchuuzi anayeanika juu ya chanja, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Kila mwaka kuanzia Aprili mosi hadi Julai 31, Kenya hufunga uvuvi wa omena ili wazaane. Jipange mapema. Nunua akiba ya omena mkavu mwezi Machi, weka penye ubaridi pasipo unyevu, na miezi hiyo uza vitu vingine pamoja nayo: dengu, ndengu, maharagwe, mayai. Usimshawishi mtu akuvulie gizani. Aliyekwambia "nina mzigo wa jana" katikati ya Mei, mwulize umetoka wapi, na asipokuwa na jibu zuri, mwache nao.

Wewe mnunuzi, badilisha swali unalouliza mezani. Badala ya "huna wadogo wadogo?" uliza "huyu ametoka wapi, na ameshakua?" Swali moja likirudiwa na wengi hufika mbali. Ukimkuta muuzaji aliyekataa samaki wachanga, mnunulie hata kama amezidisha shilingi chache, kwa maana anabeba gharama ambayo ilipaswa kuwa yako. Na usimwombe apunguze bei mpaka ajute wema wake.

Nyinyi mnaofuga kuku na ng'ombe wa maziwa hapa kwetu, mnakula ziwa bila kujua. Sehemu kubwa ya omena haifiki kwenye sahani ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Sisemi muache kufuga. Nasema mtu anapotupa chakula cha kuku kwa uzembe, au anapoacha panya walitoboe gunia, ajue kwamba amemwaga samaki ambao mtoto wa jirani angewala. Wachanganyaji wa chakula wana soya na alizeti. Waulizeni kuhusu mchanganyiko unaopunguza omena bila kumdhoofisha kuku. Hata mabwawa ya samaki, ambayo serikali iliyahimiza sana kuanzia mwaka 2009 na ambayo ni jambo jema, yanadai uangalifu huohuo, kwa sababu samaki wa bwawa akilishwa omena, tumehamisha mzigo bila kuutua. Chuo Kikuu cha Eldoret kinafundisha elimu ya uvuvi hapahapa karibu yetu. Mfugaji mwenye bwawa asione haya kwenda kuuliza.

Nasi sote tunaokaa huku juu tuna jambo moja zaidi. Mto Sosiani unapita mjini Eldoret, unaungana na Kipkaren, kisha na Nzoia, na Nzoia unamwaga maji yake Ziwa Viktoria upande wa Port Victoria. Mbolea iliyooshwa na mvua kwenye shamba lililolimwa hadi ukingoni, mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni, maji ya choo yaliyofunguliwa usiku wakati wa mvua, vyote vinateremka huko. Maji yakizidi mbolea hujaa gugu maji na ukungu wa kijani, hewa inapungua, na samaki wanakufa bila wavu wowote. Mchuma janga hula na wa kwao. Acha ukingo wa mto uwe na nyasi na miti, na mfunze mwanao kuokota plastiki kabla ya kumfunza kumlaumu mvuvi.

Nanyi wahubiri na maimamu, msiwakemee wavuvi mbele ya waumini wasio na mtumbwi hata mmoja kisha mkashuka mimbarini mmeridhika. Waambieni waumini walio mbele yenu yale wanayoweza kuyafanya wao. Toba ya mvuvi itahubiriwa ufuoni. Huku kwetu tuihubiri toba ya mnunuzi.

Wazazi, semeni na watoto wakati wa chakula. Mtoto akijua kwamba ngege huwabeba wanawe mdomoni, na kwamba wazee wa Kilifi waliitenga bahari yao ili ipone, atakula kwa adabu nyingine. Adabu hiyo ataibeba hata akija kuwa mfanyabiashara, askari wa doria au waziri, na huenda siku moja sahihi yake ndiyo itakayoamua ni nani apewe leseni ya kuvua.

Dada yangu, wewe uliyeniuliza una meza moja tu, na mbele yako kuna mapipa ya samaki kutoka kila upande. Usingoje soko zima lisafike ndipo uanze. Jumamosi hii wakusanye wenzako, kateni kijiti kimoja, kubalianeni, na anayetaka kuwacheka acheke. Mwenyezi Mungu, aliyewapa samaki wa ziwa na bahari mayai mengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, atatubariki tukimpa mwenye mayai nafasi ya kuyataga.